Maji ya Moto, Majivu na Zebaki: Mbegu za Viungo Kwenye Ukanda wa Dhahabu

Mwaka 1915 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza dawa ya mbegu iitwayo Uspulun, na ndani yake mlikuwa na zebaki. Kwa zaidi ya nusu karne iliyofuata, wakulima wa nafaka wa Ulaya na Marekani walipaka mbegu zao michanganyiko ya zebaki, kwa kuwa iliua ukungu kwa uhakika na bei yake haikuwa ya kutisha. Kisha yakatokea ya Iraq. Mwaka 1971, baada ya ukame, nchi hiyo iliagiza shehena kubwa ya mbegu za ngano na shayiri zilizokwisha kupakwa zebaki. Kwa wengi zilifika msimu wa kupanda umeshapita, na onyo lililoandikwa kwenye magunia lilikuwa katika lugha wasiyoisoma. Watu wakasaga, wakaoka mikate. Waliolazwa hospitalini walikuwa 6,530, na 459 kati yao wakafa.

Wasomaji wa Geita, Mbogwe na Kahama hawahitaji kuelezwa zebaki ni nini. Wanaijua kwenye karai, inavyokamata chembe za dhahabu. Wanaujua na moshi wake inapochomwa nyuma ya nyumba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini kwenye machimbo madogo kazi bado ni ileile. Kwa hiyo mtu akisimama Katoro au Kakola akahubiri kwamba dawa ya asili haina madhara kwa sababu ni ya asili, anahubiri kwa watu wasiopaswa kumwamini: zebaki nayo ilitoka ardhini, hakuna aliyeibuni.

Wanaouliza habari za kutibu mbegu za viungo bila kemikali za dukani kwa kawaida huuliza ipi ina nguvu: majivu, mkojo wa ng'ombe, mwarobaini au kitunguu saumu? Nguvu si kipimo cha kwanza. Ninachotaka kujua kwanza ni ugonjwa umekaa wapi. Kuna ugonjwa ulioshika ganda la mbegu kwa nje. Kuna uliopenya ndani. Na kuna ambao haumo kwenye mbegu kabisa, unasubiri kwenye udongo. Tiba inayofaa wa kwanza inaweza isiuguse hata kidogo wa pili, na kwa huo wa tatu unapoteza muda wako.

Tuangalie kwanza tunalima nini. Shinyanga si Muheza wala Pemba. Mvua yetu ni milimita 600 hadi 900 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya ardhi ni luseni, yaani udongo wa kichanga, huku juu na mbuga nyeusi kule chini. Viungo vinavyowezekana kwa mkulima wa kawaida ni pilipili, yaani mbuzi na kichaa, kisha giligilani, na vitunguu kwenye bustani za pembezoni mwa malambo. Geita wana mvua nzuri zaidi, na upande wa Chato na Bukombe wapo wanaojaribu tangawizi na manjano. Soko halina shida. Palipo na maduara ya dhahabu pana kambi, na palipo na kambi pana mama lishe, na mama lishe hapiki nyama bila pilipili wala chai bila tangawizi. Pesa ya mchimbaji inaingia kwenye sufuria kila siku, hata wiki ambayo duara halikutoa kitu.

Shida iko kwenye mbegu. Pilipili nyingi inayopandwa huku inatokana na matunda yaliyonunuliwa sokoni, yakakaushwa juani, mbegu zikapukutishwa kwenye kikombe. Tangawizi ya kupanda ni ileile ya kutia kwenye chai. Mtu anachagua kilo chache zenye macho, anachimbia. Chakula kinageuzwa kuwa mbegu, na mbegu ikibaki inarudi kuwa chakula, mara nyingi ndani ya gunia lilelile. Hapo ndipo ya Iraq yanapotuhusu. Faida kubwa ya tiba ya asili kwa kaya ya namna hii haitokani na ukali wake. Inatokana na kwamba haiachi kitu: tangawizi iliyochovywa kwenye maji ya moto ikibaki, inaliwa, ila mbegu iliyopakwa thairamu, dawa ya ukungu ya dukani, yenye rangi ya waridi haifai hata kwa kuku. Mimi ningeitetea tiba ya asili kwa hoja hii moja hata kama ingekuwa dhaifu kidogo kuliko ya dukani.

Dhaifu kidogo, lakini si tupu. Majivu na mkojo wa ng'ombe vinastahili heshima, ila kwa kazi vinayoiweza. Mkulima wa mtama anaijua fugwe, ule ugonjwa unaogeuza punje kuwa kifuko cha unga mweusi. Wakati wa kupura vifuko hupasuka, na unga ule ambao ni mbegu za ukungu hushika kwenye ngozi ya punje nzima. Hauingii ndani. Unasubiri punje ichipue ardhini, ndipo uivamie ikiwa changa. Ugonjwa uliokaa nje namna hii unafikika. Majivu ya kuni ni makali kama magadi, hukausha na kuunguza kilichoko juu ya ganda. Mkojo wa ng'ombe ukiachwa ukachacha, urea yake hugeuka amonia, nayo ni sumu kwa ukungu. Watafiti wa Ethiopia wameupima mkojo uliochacha dhidi ya fugwe ya mtama na kuona unaipunguza. Kwa hiyo aliyefanya hivyo kwa mtama alikuwa na mantiki, hata kama hakuwahi kusikia neno amonia.

Kosa linakuja pale tiba hiyo inapohamishiwa kwenye pilipili bila kuuliza. Ugonjwa unaosumbua pilipili kuanzia kitaluni ni madoa bakteria, unaoletwa na kundi la bakteria waitwao zanthomonasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamewachunguza bakteria hawa kwa miaka mingi kwenye nyanya na pilipili za Tanzania. Wanakaa juu ya mbegu, na baadhi hujificha chini ya ganda. Chule nayo, ule ukungu unaotia tunda mabaka yaliyobonyea, huingia ndani ya mbegu pale tunda linapoozea mtini. Majivu hayawafuati huko. Mbegu ikiachwa ilowe kwenye mkojo muda mrefu ili upenye, utawafikia, lakini kiini cha mbegu ya pilipili kitakuwa kimeshaungua kabla yao.

Kuna mapishi ya kutoka India yanayozunguka sana siku hizi, yanaitwa bijamrita: kinyesi cha ng'ombe, mkojo, chokaa, maji, na konzi ya udongo wa ukingo wa shamba. Usukuma ina ng'ombe, kwa hiyo yamepokelewa vizuri. Sina ugomvi na kinyesi wala chokaa. Ile konzi ya udongo ndiyo inayonitia wasiwasi. Wanaoipenda wanasema inaleta vijidudu rafiki, na kwenye udongo mzima huenda ni kweli. Lakini shamba lililowahi kuwa na mnyauko bakteria lina adui huyo kwenye kila konzi, nawe unakuwa umempaka kwenye mbegu kwa mkono wako.

Tiba inayofika ndani ya ganda bila kuacha sumu ipo, na ina umri wa zaidi ya miaka 130. Jens Ludwig Jensen, Mdenmarki, alionyesha miaka ya 1880 kwamba fugwe iliyojificha ndani kabisa ya punje ya shayiri hufa mbegu ikilowekwa kwenye maji ya moto kwa kipimo maalumu, na punje yenyewe ikabaki hai. Siri yake ni tofauti ndogo sana: joto linaloua kijidudu liko chini kidogo tu ya joto linaloua mbegu. Ndiyo maana maji ya moto yanamtukuza mwenye kupima na kumwadhibu mwenye kukisia. Kwa pilipili kipimo ni nyuzi 51 hadi 52 za Selsiasi kwa dakika 30. Giligilani, nyuzi 53 kwa dakika 30. Nyanya, nyuzi 50 kwa dakika 25. Ukishuka hadi 47 umeosha mbegu tu; ukipanda hadi 56 umezipika.

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa.

Kipimajoto cha zahanati hakifai, kwani mwisho wake ni nyuzi 42. Kinachotakiwa ni kile cha maziwa au cha jikoni kinachofika nyuzi 100. Huhitaji jiko la kisasa wala kuni nyingi, na kuni Shinyanga ni jambo la kuheshimu. Huchemshi mbegu, unachanganya maji. Mji wa Shinyanga uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100 kama ya Dar es Salaam. Lita 2 za maji yaliyotoka kuchemka, ukizitia kwenye lita 3 na nusu za maji ya kawaida ya nyuzi 25, hesabu inakupa karibu nyuzi 51. Chombo nacho hunywa joto, kwa hiyo hesabu inakufikisha mlangoni tu na kipimajoto ndicho kinachokuingiza. Tumia hotpoti kubwa, ile ya kutunzia wali. Hushikilia joto vizuri kuliko sufuria, na likishuka unaongeza kikombe cha maji ya moto pembeni, si juu ya mbegu, huku unakoroga.

Mbegu zitiwe kwenye mfuko wa kitambaa chepesi, ziujaze nusu tu, zisisongamane. Zianze kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 38 kwa dakika 10, ili zisishtuke na ili hewa iliyonaswa itoke. Ndipo ziingie kwenye maji yenyewe, mfuko ukizamishwa wote na kutikiswa mara kwa mara. Muda ukiisha zitoke palepale ziingie kwenye maji ya baridi dakika 5, zikaushwe kivulini juu ya kitambaa, zipandwe ndani ya siku chache. Mbegu iliyopita kwenye moto huu haitunziki hadi mwakani.

Mbegu kuukuu hufa kwa urahisi. Kabla ya kutia zote, tibu 100, na 100 nyingine uziache. Zioteshe kando kwa kando kwenye kitambaa chenye unyevu. Zilizotibiwa zikiota karibu sawa na zile nyingine, endelea. Zikianguka nusu, mbegu hizo zilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na ni heri umejua kabla ya kuandaa kitalu. Na usiyape sifa maji ya moto kwa lisilo lao: kinyausi, ule ugonjwa unaoangusha miche shingoni, mara nyingi unatoka kwenye udongo wa kitalu uliolowa kupita kiasi. Mbegu iliyotibiwa vizuri huangukia humo kama nyingine.

Tangawizi ni kesi nyingine kabisa, maana mbegu yake ni tunguu bichi lenye maji mengi. Inahitaji mvua ya karibu mara mbili ya ile ya Shinyanga, au umwagiliaji, kwa hiyo jirani zetu wa Kigoma, hasa Buhigwe na Kasulu, wametutangulia sana. Tunguu la kutoka huko linaweza kubeba minyoo fundo, ukungu wa kuozesha, na mnyauko bakteria. Kuchovya vipande vya kupanda kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 10 hupunguza minyoo. Bakteria wa mnyauko wakiwa katikati ya tunguu nene, joto haliwafikii kabla tunguu halijaharibika, na ukiotesha tunguu moja la namna hiyo umeupa udongo wako ugonjwa wa kudumu. Hapo tiba ni jicho na kisu: kata kipande, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, lile tunguu si la kupanda, na kisu kichovywe kwenye maji yanayochemka kabla ya kukata jingine. Eka ya tangawizi hula kilo mia kadhaa za mbegu. Mtu anaponunua kiasi hicho sokoni kwa bei ya chakula, ananunua mashamba ya watu asiowajua, pamoja na magonjwa yao.

Nisipoutaja mwarobaini nitaulizwa. Umeenea Shinyanga kote, mti unaostahimili ukame wa kila namna. Kiungo chake maarufu, azadirakitini, kazi yake kubwa ni kwa wadudu. Unga wa mbegu za mwarobaini utakusaidia dhidi ya wadudu wa ghala, na kwenye majani utapunguza inzi weupe. Kwa ukungu wa mbegu msaada wake ni mdogo, kwa bakteria mdogo zaidi. Kitunguu saumu kina hoja bora kidogo, kwani kikipondwa hutoa alisini, inayoua bakteria kweli kwenye sahani za maabara. Lakini alisini huruka upesi, na maji ya kitunguu yaliyokaa usiku kucha yamebaki na harufu zaidi ya dawa. Anayetaka kuyatumia aponde na kutumia saa hiyohiyo, na asiyategemee peke yake.

Kuna jambo la Kahama ambalo vitabu vya viungo haviligusi. Ushetu ni nchi ya tumbaku, na tumbaku na pilipili ni ndugu wa ukoo mmoja, wanarithiana maradhi: batobato ya tumbaku, mnyauko bakteria, minyoo fundo. Kirusi cha batobato ya tumbaku ni kigumu kupindukia. Kinadumu ndani ya jani lililokaushwa, hata ndani ya sigara na ugoro. Mkulima aliyetoka kufunga mitumba ya tumbaku, au anayevuta huku anahamisha miche, anakipaka kwa vidole. Maji ya moto kwenye mbegu hayatamwokoa na hilo. Ila kuna dawa inayopatikana kila zizi: maziwa. Protini ya maziwa hukizuia kirusi kisishike kwenye jani, ndiyo maana wenye vitalu sehemu nyingi duniani huchovya mikono kwenye maziwa yaliyoenguliwa wakati wa kupandikiza. Na shamba lililokuwa na tumbaku mwaka jana lisipewe pilipili mwaka huu, hata mbegu ikitibiwa na malaika.

Upande wa machimbo una hatari yake. Mbegu inayolowekwa hunywa, na maji yanayoonekana safi karibu na makarasha au mabwawa ya kuchenjulia yanaweza kuwa na zebaki au sayanaidi. Lowesha kwa maji ya kisima unachokunywa. Vyombo navyo vichaguliwe: pipa lililobeba kemikali za kuchenjua dhahabu halifai kwa mbegu wala kwa maji ya kitalu, hata lioshwe mara ngapi. Nimeona mapipa ya aina hiyo yakiuzwa mitaani kwa bei ya chini yakiwa yamepakwa rangi mpya.

Kwa upande wa serikali, wanaotakiwa kulibeba suala hili wapo. TOSCI inasimamia ubora wa mbegu, TPHPA inasimamia viuatilifu, vikiwemo vya kibaiolojia kama ukungu rafiki wa trikoderma, ambao ni msaada wa kweli kwa mizizi ya tangawizi na pilipili pale unapopatikana ukiwa hai. Chupa isiyo na namba ya usajili, iwe imeandikwa asilia au la, isinunuliwe. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, pale Misungwi, kina historia ndefu ya jambo hilihili kwa pamba: mnyauko fuzari ulipoonekana kusini mwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, watu walilazimika kujifunza kwamba mbegu yenyewe inaweza kusafirisha ugonjwa. Elimu hiyo ilibaki kwenye pamba kwa sababu pamba ilikuwa na vinu, vyama vya ushirika na wasemaji. Pilipili ya mama wa Runzewe haina msemaji.

Sheria ya Madini inazitaka kampuni za uchimbaji kuandaa na halmashauri mpango wa kila mwaka wa wajibu wao kwa jamii. Mipango hiyo huleta madarasa, zahanati na barabara, na hayo sawa. Ningependa kuona ndani yake kitu kidogo zaidi: beseni la umeme la maji linaloshika joto lenyewe, la aina inayotumika maabara, liwekwe kwenye ofisi ya afisa ugani wa kata. Eka moja ya pilipili haihitaji zaidi ya gramu 200 za mbegu. Beseni la lita 20 linatibu mbegu za wakulima kadhaa kwa mkupuo mmoja wa nusu saa, na kuanzia asubuhi hadi mchana linamaliza foleni ya kijiji. Lifunguliwe Agosti, kabla watu hawajatia mbegu kitaluni kwa ajili ya mvua za mwisho wa mwaka, na afisa ugani aandike kwenye daftari mbegu za kila mtu zilitoka wapi, ili msimu ukiharibika tujue tuanzie kuuliza soko gani.